Taa za jikoni Tanga: ipi ununue kwanza, na nyuma yake pawe na nini

Kama hela imebana, punguza kwenye taa, usipunguze kwenye waya wala breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Taa mbovu ikizima unabadilisha kesho. Waya mbovu uko ndani ya ukuta, na utajua umeharibika siku utakaposikia harufu ya plastiki inayoungua. Nawaonea uchungu watu wanaohangaikia taa ya kupendeza huku ukutani mmepita waya wa bei ya chini kuliko zote dukani.

Kwenye taa, jiko la Tanga lina mitihani mitatu: mvuke wa sufuria, mafuta ya kukaangia samaki, na chumvi ya bahari inayokula chuma, hasa ukikaa upande wa Raskazone.

Namba moja kwangu ni taa ndefu ya LED iliyofungwa, yenye alama ya IP65. Sita maana yake vumbi haliingii, tano maana yake inahimili maji yanayorushiwa. Unaifuta masizi kwa kitambaa chenye unyevu, ikiwa imezimwa. Ya futi nne, wati 18, inatosha jiko la kawaida. Kagua vibanio vyake kabla hujalipa: vya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu.

Namba mbili ni taa ya duara ya kubandika darini, IP44 au zaidi. Inafaa jiko dogo.

Namba tatu ni balbu ya LED kwenye holda, ambayo ndiyo iko nyumba nyingi. Balbu ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribiana na ule wa balbu ya zamani ya wati 60, na bei yake haiumizi. Shida ni holda. Zima umeme, ifungue ile ya zamani uitazame kwa karibu: plastiki imegeuka kahawia pembeni, skrubu zimeota ukungu wa kijani, na ukiigusa inamomonyoka. Ukichagua njia hii, nunua holda mpya, na usiifunge juu ya jiko lenyewe.

Za mwisho ni paneli za kuzamisha kwenye siling bodi. Zinapendeza, lakini kidude chake cha kubadilisha umeme kinakaa juu, chini ya bati lililopigwa na jua mchana kutwa, na joto ndilo linaloua LED. Tyubu za zamani zenye gesi usinunue tena. Zina zebaki ndani.

Rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa K kwenye boksi, chukua 4000K, weupe wa kati. Ya 6500K ina ubuluu, na samaki hutamwona sawasawa.

Swichi iwe nzito mkononi, ya ampea 10, yenye viungio vya shaba nyeupe au njano visivyo vyepesi kama kopo. Ikae mbali na sinki. Jiko lenye mlango wa ndani na wa uani linahitaji swichi mbili za tuwei, yaani zinazowasha na kuzima taa moja kutoka milango yote miwili, ili usivuke gizani. Na hapa simama juu ya fundi: swichi lazima ikate laivu, waya unaoleta umeme. Ikikata nyutro, waya unaorudisha umeme, taa itazima vilevile, lakini holda bado ina umeme, na anayebadilisha balbu ndiye atakayepigwa.

Waya wa taa ni wa shaba, milimita za mraba 1.5, wenye ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Soketi ni 2.5. Omba kipande, ukikwangue kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe. Tafuta pia alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Breka ya taa ni ya ampea 6 au 10. Ikidondoka mara kwa mara, usikubali kuwekewa ya 20. Breka inalinda waya, na inapodondoka kuna kasoro ya kutafutwa. Anayekulinda wewe mwenyewe, mwenye mikono iliyolowa, ni RCD ya 30 mA, kifaa kinachokata umeme mara moja unapovuja, hata ukipitia mwilini mwako. Kwa maoni yangu hiyo inatangulia hata taa namba moja.

Kazi ya kufunga mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na mwombe akuonyeshe. Azime meni swichi na apime kwa testa kabla ya kugusa chochote. Kuisha kwa uniti za LUKU si kuzima umeme: mtu anaweza kuingiza tokeni sebuleni wakati fundi ameshika waya. Umeme ukikatika mtaa mzima ni vilevile, unarudi bila hodi.

Kabla plasta haijapigwa, piga picha ya kila ukuta, ionyeshe nyaya zilipopita. Siku ya kutoboa tundu la kabati utaihitaji.