Grobschnitt: "Solar Music" ya studio au ya jukwaani?

Grobschnitt, bendi ya roki kutoka Hagen, Ujerumani, haina jina kubwa nje ya kwao. Kwa anayetaka kuijua, wimbo ni mmoja tu, "Solar Music", ila umetoka kwa sura mbili.

Wa studio umo kwenye Ballermann, albamu ya santuri mbili (1974), na umemeza santuri nzima ya pili, zaidi kidogo ya dakika 30. Sauti ni safi na kila chombo kimekaa mahali pake. Tatizo ni kwamba hauchemki.

Wa jukwaani ni albamu Solar Music Live, iliyorekodiwa mjini Mülheim, Ujerumani, mwaka 1978, ikapita dakika 50. Hapa gitaa la Lupo linaanza taratibu, linazunguka sauti zilezile chache, linapanda, linashuka, kisha linapanda tena huku Eroc akisukuma ngoma kutoka nyuma. Maigizo na fataki za jukwaani huvioni, bila shaka, na ukiwa na santuri utalazimika kuigeuza katikati ya safari (inaudhi kweli).

Mimi nachukua ya Mülheim. Ya studio inamfaa asiye na subira.