Ghorofa jipya Levolosi, Arusha: lifti tunailipia, mama yangu kapanda ngazi

Chumba chenyewe sina neno nacho. Vigae vimelala vizuri, maji yanafika mpaka juu, na asubuhi mawingu yakiachia unauona Mlima Meru wote dirishani. Nilisaini kwa furaha, nikalipa kodi ya miezi sita na sevisi chaji juu yake. Kwenye mkataba hiyo sevisi chaji imechanganuliwa: ulinzi, usafi, lifti, jenereta. Shikeni hayo mawili ya mwisho.

Juzi kati mama yangu alikuja kutoka Rombo kumwona mjukuu wake. Magoti yanamsumbua miaka mingi, na bado kabeba kiroba cha ndizi mshale, maana kwake kuja mikono mitupu ni aibu. Tunafika getini, umeme umekatika. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, jenereta hiyo inanguruma. Na kweli ilikuwa inanguruma! Maduka yote ya chini taa zinawaka, friji za soda zinafanya kazi, saluni wanakausha nywele. Lifti imekufa. Nabonyeza, kimya.

Nikamfuata meneja wa jengo. Kijana mdogo kabisa, na hakumwamkia mama. Shikamoo tu ilimshinda! Macho yako kwenye simu, ananijibu kwamba jenereta haijaunganishwa na lifti kwa sababu lifti inakula mafuta. Nikamwambia mbona kila mwezi tunailipia. Hapo ndipo akatoa neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Dada, kama ulitaka nyumba ya chini si ungebaki hukohuko Ngarenaro?"

Mbele ya mama yangu mzazi.

Aliyetusitiri ni bibi wa nyumba ya jirani. Ni moja ya zile nyumba za zamani za bati zilizobaki mtaani kwetu. Wenzake wameuza mmoja mmoja, pakaota maghorofa na loji. Hatujuani zaidi ya salamu. Alitoa kiti barazani, akaleta chai ya maziwa, mama akakaa naye mpaka giza likaingia. Umeme haukurudi. Ikabidi apande mpaka ghorofa ya sita akipapasa ukuta, maana ngazini nako hakuna taa, mimi nyuma yake na tochi ya simu, anasimama kila kona kuvuta pumzi. Kulipokucha magoti yamevimba, hawezi hata kukunja mguu.

Tangu lile ghorofa la Kariakoo liporomoke Novemba 2024, kila anayetafuta nyumba ya juu anauliza nguzo na nondo. Ni sawa kabisa. Ila mwambieni dalali azime umeme mbele yenu muone kama lifti inatembea. Ulizeni pia OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, walikuja lini kuikagua, kwa sababu lifti ni mtambo wa kukaguliwa kisheria. Kwenye lifti yetu karatasi pekee iliyobandikwa ni tangazo la vyumba vya kupangisha.

Nilikuwa nimepanga kusema kijana asiye na mtoto wala mzazi wa kumtembelea ahamie tu, atafurahia. Mlinzi wa usiku ni muungwana, takataka zinazolewa kwa wakati, na majirani wa ghorofa yangu ni watu wazuri. Lakini kijana gani huyo asiye na mzazi? Na kijana huyo akivunjika mguu je? Au mjamzito wa ghorofa ya nane, ambaye nampita ngazini kashika kiuno? Hapana. Asihamie mtu pale mpaka waunganishe ile jenereta.

Kodi yangu ikiisha natoka. Na ile hela ya lifti na jenereta niliyolipa tangu nihamie naidai. Barua nimeshampelekea mwenye jengo, na nakala nimembandikia meneja mlangoni kwake.