TAHADHARI: "Bingwa wa mifupa" mwenye ukuta wa vyeti, watu wa Mwanza na visiwani kuweni macho

Ndugu zangu wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema mpaka Geita, naombeni msome hii mpaka mwisho, hasa kama una mzazi nyumbani analalamika magoti.

Mama yangu ana miaka 63, maisha yake yote kaanika dagaa, magoti yameisha. Mwezi wa tatu akaja na meli kutoka Nansio, jirani akamwambia kuna bingwa wa mifupa katoka nje kafungua kliniki huku Buzuruga, anachoma sindano tu mtu unatembea. Nikampeleka mwenyewe. Na ule ukuta ndo ulinimaliza jamani, vyeti vya fremu kuanzia mlangoni mpaka dirishani, mihuri ya dhahabu, picha yake yuko kwenye mkutano na beji shingoni, alafu katikati cheti kikubwa kuliko vyote kinasema yeye ni mwanachama wa maisha wa American Board of Orthopaedic Surgery. Mama akaangalia akasema mwanangu, huyu kasoma. Na mimi sikuuliza kitu. Hakuomba hata eksirei. Sindano tatu laki nne na nusu, tukatuma laki tatu palepale kwa simu, risiti hamna, kichupa cha dawa hakina lebo.

Siku ya nne goti la kulia limevimba, la moto, mama ana homa, hakanyagi chini. Nampigia ananiambia tulieni, dawa inafanya kazi. Tukatulia siku mbili zaidi, na hizo siku mbili zinaniuma mpaka leo. Tulivyofika hospitali wakavuta usaha kwenye goti na usiku uleule wakamwingiza tieta kulifungua na kuliosha. Alilala siku 11.

Sasa sikilizeni nilichojifunza wodini. Zile fremu nilikuwa nimezipiga picha, nilitaka niwaoneshe wadogo zangu kwamba mama kapata daktari. Yule daktari wa mifupa aliyemhudumia akaomba azione, akaangalia kile cheti kikubwa akaniambia dada, hiki cha uongo, hata hakuna haja ya kupiga simu Marekani. Hiyo bodi haina wanachama. Ipo tangu 1934 na kazi yake ni kutahini. Daktari anamaliza kwanza miaka 5 ya kusomea upasuaji wa mifupa kulekule, anafanya mtihani wa maandishi, alafu akishaanza kazi anapeleka orodha ya watu aliowapasua, wanachagua kesi humo humo wanamkalisha wanamhoji moja moja, kwanini ulifanya hivi, mgonjwa aliendeleaje. Akifaulu anapewa cheti, na cheti chenyewe ni cha miaka 10, ikiisha lazima athibitishwe upya. Kwaiyo hilo neno "wa maisha" peke yake linatosha kukuamsha. Wenye wanachama ni American Academy of Orthopaedic Surgeons, hicho ni chama, kitu tofauti kabisa, japo majina yanafanana na ndo maana matapeli wanayachanganya.

Vile vyeti vingine vya pembeni vilikuwa vya kuhudhuria semina, na kadi za jumuiya ambazo unajaza fomu unalipa ada ya mwaka. Mabingwa wa kweli nao wanazo, si kitu kibaya, wanakutana wanafundishana. Ila kulipa ada hakukupi ruhusa ya kuingiza sindano kwenye goti la mama wa mtu.

Kwa hapa kwetu anayetoa hiyo ruhusa ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Mtu anasoma udaktari miaka 5, anafanya intanishipu mwaka mmoja, ndo baadae anaenda kusomea ubingwa wa mifupa, wengine chuoni kwa digrii ya MMed, wengine kupitia COSECSA, kile chuo cha madaktari wapasuaji wa ukanda wetu chenye ofisi Arusha, wale utaona wanaandika FCS baada ya jina. Hata aliyesoma nje, awe katoka India, Cuba au hukohuko Marekani, akija kutibu hapa lazima awe kasajiliwa na Baraza na awe na leseni iliyo hai. Na jina unaweza kulitafuta kwenye rejista yao mtandaoni, mi nilifanya hivyo nimekaa kwenye benchi la wodi. La huyu bwana halikuwepo. Sio kwenye ubingwa tu, hata kama daktari wa kawaida hayupo.

Kwaiyo ukifika mahali muombe namba yake ya usajili kabla hujatoa hela. Daktari wa kweli hakasiriki, yule wa wodini nilimuuliza na yeye, akanitajia palepale.

Mama karudi nyumbani, anatembelea mkongojo, goti halikunji kama zamani. Polisi tumeripoti, na ofisi ya mganga mkuu wa mkoa nako tumepeleka barua. Nilirudi Buzuruga na binamu yangu, chumba kitupu, ukutani imebaki misumari. Fremu kaondoka nazo, maana yake anaenda kuzitundika pengine.

Kama wewe au mzazi wako mlichomwa pale na goti lina moto au kuna homa, nendeni hospitali leo hii, msisubiri kesho. Na meseji za malipo msifute, polisi ndo kitu cha kwanza walichotuomba.