FiiO K7 na hedifoni za omu 300: uzoefu wangu hapa Lamu

Mwenye hedifoni za Sennheiser HD 650 anayeishi pwani, amplifaya ya FiiO K7 inamtosha na kuzidi. Nalisema mwanzoni ili mwenye haraka aondoke na jibu. Waliobaki nataka niwaeleze nilivyolifikia jibu hilo, kwa sababu naona vijana wetu wanauziwa amplifaya kwa namba moja kubwa iliyochapwa kwenye boksi, na namba hiyo mara nyingi haina uhusiano na hedifoni walizo nazo.

Kazi yangu ni kanda. Watu wa Langoni, na wengine wa Shela na Matondoni, huniletea kaseti za harusi, za kasida na za Maulidi ambazo hazijapigwa miaka mingi, nami nazihamishia kwenye kompyuta kabla unyevu wa kisiwa haujazimaliza. Nyingi zilirekodiwa na redio kaseti iliyotegwa pembeni ya wapigaji, kwa hiyo dumbaki imeufunika udi na mwimbaji yuko mbali. Bibi mmoja aliniletea kanda ya harusi ya dada yake akaniambia, "Mwanangu, humu ndani mna sauti ya mamangu akipiga vigelegele. Nitafutie." Nilimtafutia, nikampata. Kazi kama hiyo haifanyiki kwa spika ya simu.

HD 650 niliichagua kwa ajili ya sauti ya binadamu. Sijasikia hedifoni nyingine ya bei yake inayomweka mwimbaji mahali pake bila kumpaka sukari wala kumnoa. Ilitoka mwaka 2003 na mpaka leo mito ya masikio, waya na kitambaa cha kichwani vinabadilishwa kimoja kimoja. Lakini ina mgongo wazi, na nyumba zetu za mawe, pamoja na unene wa kuta zake, zina madirisha ya kupitisha upepo. Feni, punda, watoto wa madrasa, vyote vinaingia. Kwa hiyo kanda iliyorekodiwa chini inahitaji kuinuliwa kweli, na hapo ndipo amplifaya inapohitajika.

Sasa tuje kwenye hizo omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Hedifoni zinazohitaji amplifaya ni za aina mbili, na muuzaji asiyezitenganisha atakuuzia kitu kisicho chako. Aina ya kwanza inataka volti. Ya pili inataka mkondo.

HD 650 ni ya aina ya kwanza. Ukinzani wake ni omu 300, na Sennheiser wanaeleza kwamba volti 1 inatoa desibeli 103. Ukitaka vilele vya muziki vifike desibeli 110, unahitaji volti kama 2.2 tu. Mkondo unaopita hapo ni miliampea 7 na nusu hivi, na nguvu yote haifiki miliwati 17. Ni nguvu ndogo sana. Tatizo ni kwamba simu nyingi, na adapta nyingi ndogo za USB-C za kuchomekea hedifoni kwenye simu, huishia kwenye volti 1 au chini yake.

Aina ya pili mfano wake mkubwa ni HiFiMAN HE6, hedifoni ya planari, yaani yenye utando mpana uliotandikwa njia za umeme na kuwekwa katikati ya sumaku. Omu zake ni 50 tu, na mtu akiziona hizo 50 atasema hii nyepesi. Lakini miliwati 1 inaipa desibeli 83.5 peke yake. Kuifikisha kwenye desibeli 110 zilezile kunataka miliwati 450 hivi, volti 4.7 na miliampea 95. Mkondo huo ni zaidi ya mara 12 ya ule wa HD 650. Ndiyo maana mtu akiniuliza "Ami, amplifaya gani nzuri?" namjibu kwa swali: hedifoni yako ina omu ngapi, na desibeli ngapi kwa volti au kwa miliwati? Bila namba hizo mbili siwezi kumshauri.

Rudi kwenye boksi la K7. Linatangaza miliwati 2000 kila upande. Ni kweli, lakini kwa hedifoni ya omu 32 iliyochomekwa kwenye tundu la milimita 4.4, lile la balansi, ambapo kila sikio lina jozi yake ya njia za umeme. Tundu hilohilo kwa omu 300 linatoa miliwati 560. Na tundu la kawaida la milimita 6.35, ambalo ndilo waya wa HD 650 unaloingia, linatoa miliwati 160 kwa omu 300. Kutoka 2000 hadi 160 ndani ya kifaa kimoja! Hakuna udanganyifu hapo. Kila amplifaya ina kikomo cha volti kinachotokana na ugavi wake wa ndani, na nguvu ni volti kuzidishwa kwa zenyewe, kisha kugawanywa kwa omu. Omu zikipanda, volti zikagonga dari, miliwati zinashuka. FiiO wamezichapa namba zote hizo waziwazi kwenye maelezo yao, na hilo nawasifu. Amplifaya isiyotaja kitu ila omu 32 siinunui kwa HD 650.

Hizo miliwati 160 kwa omu 300 maana yake ni volti 6.9 hivi. Ukilinganisha na volti 1 ya adapta ya simu, umeongeza karibu desibeli 17, na vilele vinaweza kukaribia desibeli 120. Asisikilize mtu kwa kiwango hicho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, nami nalifuata kwa sababu masikio ndiyo mtaji wangu. Ile nafasi ya juu ni ya kanda. Kaseti ambayo vilele vyake viko desibeli 15 chini ya kikomo cha dijitali inakula karibu ziada yote kabla hata haijawa na sauti ya kawaida. Kwa muziki wa siku hizi, uliobanwa na kupandishwa studio, mwenye HD 650 anaweza kuridhika na adapta ya simu, na sioni haja ya kumtisha. Kwa rekodi za marehemu Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, zilizohamishwa kutoka kaseti za mtaani, adapta iliniacha nimefungua sauti mpaka mwisho na bado naikaza shingo kusikiliza.

Niliilinganisha K7 na vitu viwili: hiyo adapta ya USB-C, na amplifaya ya valvu, zile taa za kioo kama za redio za zamani, ya rafiki yangu wa Shela, ya aina ya OTL, yaani isiyo na transfoma ya kutolea sauti. Kulinganisha kwa masikio matupu hakufai, kwa sababu kilicho juu kidogo daima kitaonekana kizuri zaidi. Niliazima mita ya fundi, nikapiga mlio wa hezi 300, nikapima volti kwenye jeki hedifoni ikiwa imechomekwa, nikazisawazisha. Hezi 300 ni kwa sababu mita za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa ukutani wa hezi 50, na ukiipa mlio wa juu sana inaanza kutoa namba za uongo.

Zikiwa sawa kwa volti, na wimbo usiodai zaidi ya volti 1, tofauti kati ya adapta na K7 ni ndogo mno kuliko watu wanavyodai. Nasema hivyo nikijua kuna watakaoudhika. Udi ulikuwa udi, fidla ilikuwa fidla. K7 ilishinda pale sauti ilipotakiwa kupanda: dumbaki inapoingia kwa ghafla baada ya taksimu, ule utangulizi wa ala moja peke yake, adapta ilikuwa imeshafika mwisho wake, K7 ilikuwa haijafika hata nusu ya kitufe cha sauti.

Valvu ni habari nyingine, na nataka nikae hapa kidogo kwa sababu naipenda. Udi ulinenepa. Ule uzi mzito wa besi, ambao kwenye kanda nyingi haupo kabisa, ulirudi na mwili wake. Kuna sababu ya kifizikia. Amplifaya nyingi za OTL zina ukinzani wa kutolea unaozidi omu 100, na omu za HD 650 hazikai 300 wakati wote: kwenye besi, karibu na hezi 80 hadi 100, zinapanda hadi karibu 500. Ukiwa na amplifaya ya omu 120, hedifoni inapata sehemu kubwa zaidi ya volti pale kwenye besi kuliko kwingine, na besi inainuka kwa desibeli 1 hivi. Sikio linaihisi, na inapendeza. Kwa kustarehe baada ya isha, ningeichukua valvu bila kufikiri mara mbili. Lakini mimi nasafisha rekodi za watu, na nikipunguza au kuongeza besi nataka nijue ni ya kanda, isiwe ya kifaa changu. Kanuni inayotumika ni kwamba ukinzani wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. K7 iko chini sana ya hapo, kwa hiyo inachokiingiza ndicho inachokitoa.

Tena valvu inatoa joto. Wakati wa kaskazi, chumba cha ghorofani Langoni hakihitaji jiko la ziada, na stima ikikatika unasubiri tena zipate moto.

Stima yenyewe inastahili maneno. Kenya tunatumia volti 240. Baadhi ya amplifaya zinazouzwa Marekani huja na adapta ya transfoma ya volti 120, na ukiichomeka ukutani kwetu unaiunguza papo hapo. Muulize muuzaji kabla ya kulipa. K7 inakuja na adapta ya volti 12, ampea 2, inayokubali volti 100 hadi 240, nami nimeipitisha kwenye kile kifaa cha kulindia firiji ili umeme ukirudi kwa kishindo usiifikie. Kijana wa jirani aliniuliza, "Ami, mbona usiiunge moja kwa moja kwenye betri ya sola? Si zote ni volti 12?" Nikamwambia hapana mwanangu. Betri ya sola ikichajiwa mchana inapita volti 14, na amplifaya haikuandikiwa hivyo. Usiku stima ikiondoka naichomeka adapta yake kwenye inveta, na inafanya kazi.

Kulikuwa na mngurumo mwembamba mwanzoni, ule wa hezi 50. Ulikuwa unatoka kwenye chaja ya kompyuta na kupitia waya wa USB. Ukiichomoa chaja unaondoka. Suluhisho la kudumu ni waya wa optiki, ambao unapitisha mwanga tu na hauna njia ya umeme kupita. K7 ina tundu lake nyuma. Kompyuta yangu haina kitoleo cha optiki, nikanunua kigeuzi kidogo cha USB. Tangu hapo pako kimya, na kimya hicho nakithamini kuliko miliwati zote.

Chumvi ndiyo adui wa kudumu. Tundu la jeki linaota kutu ya kijani, upande mmoja unaanza kukatikakatika, na mtu anadhani amplifaya imekufa. Naisafisha jeki kwa spiriti na pamba, naifunika K7 kwa kitambaa ikishapoa, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu navikusanya na kuviweka kando yake. Na ukiagiza kutoka Mombasa, mwambie muuzaji alifunge boksi kwa nailoni nzito, maana kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, hadi gatini ni boti, na wakati wa kusi maji yanaruka.

K7 haina betri, kwa hiyo haitoki nyumbani. Toleo la kawaida halina Bluetooth pia. Lipo jingine, K7 BT, lenye nayo. Mimi siihitaji. Bei yake ilipotoka 2022 ilikuwa dola 200 hivi, na ndani yake tayari mna DAC, kile kinachogeuza namba za kompyuta kuwa umeme wa sauti, kwa hiyo hununui vifaa viwili.

Kuhusu waya wa balansi wa 4.4, ambao kila muuzaji atakusukumia: kwa HD 650 ningeuacha. Unapanda kutoka volti 6.9 hadi karibu 13, yaani desibeli 5 na kitu juu ya sauti ambayo tayari huwezi kuimaliza. Pesa hiyo nilinunulia mito mipya ya masikio, na mabadiliko niliyoyasikia yalikuwa makubwa, kwa sababu mito iliyolala inamsogeza mwimbaji na kuivuruga besi. Mwenye HE6 au planari nyingine nzito mambo yake ni kinyume. Kwake lile tundu la 4.4 ndilo lenye mkondo anaoutaka, aununue waya kabla ya kuihukumu amplifaya, na bado asishangae akiishia kama wenzake wengi wa HE6 walioziunga hedifoni zao kwenye amplifaya za spika.