Seti ya sashiko ya kushonea kutoka Japani: kimto nakikubali, kava la mkasi limeniponza

Haya mambo vipi jamani, leo sina cherehani wala kitenge hapa mezani, nina vitu vitatu tu, kimto cha sindano, kijitabu cha kutunzia sindano na kava la mkasi, vyote vimeshonwa kwa mkono Japani, mdogo wangu anasoma kule ndo kaniletea nikamrudishia elfu tisini yake. Elfu tisini, ndiyo. Usinicheke kwanza.

Ngoja nisogeze karibu na kamera. Unaona uzi mweupe juu ya bluu iliyokoza? Hii ndo sashiko, maana yake vichomo vidogo vidogo, na ukiitazama vizuri ni bandi tu, ile ile bandi ya kushikizia nguo kabla hujapeleka mashine, ila hapa mshono wa juu unaachwa mrefu kidogo kuliko nafasi yake, inatoka kama punje za mchele zimepangwa. Kimto kina nyota hizi za ncha sita, wao wanaita asanoha, yaani jani la bangi, tulia, ni ile ya kutolea nyuzi za nguo, na walikuwa wanawavalisha watoto wachanga mchoro huu kwa vile mmea wenyewe unakua haraka halafu umenyooka. Sasa cheki hapa katikati ya nyota: nyuzi hazigusani, kumeachwa katundu. Hapo ndo unajua aliyeshona anajua.

Ndani kuna pumba za mchele, hizi hizi tunazowapa kuku, mafuta yake yanasaidia sindano isishike kutu. Mwezi wa pili huu na sindano zangu zinang'aa, na mimi naishi karibu na bahari.

Kijitabu ni staili nyingine, kogin, ya Tsugaru kule kaskazini. Zamani wakulima wa huko walikatazwa kuvaa nguo za pamba na theluji inawapiga, basi wanachukua nguo ya nyuzi za bangi wanaijaza uzi wa pamba matundu yote mpaka upepo haupiti. Unahesabu nyuzi za kitambaa, moja, tatu, tano, ukikosea moja mchoro wote umeenda upande. Mimi nilijaribu. Nilifumua.

Kava la mkasi sasa, hapa nina ugomvi. Kona zote uzi umevutwa sana, ukigeuka kona unatakiwa uache kalegevu kadogo kwa nyuma, hajaacha, kitambaa kimekunjana ona. Hilo ningevumilia. Lakini nimechomoa mkasi humo nikakata kanzu ya mteja, nyeupe pee, mkono wangu una bluu na mimi sina habari, nili ya asili inatoka ukiisugua na hakuna aliyeandika hata kikaratasi. Nimefua mara tatu. Ukinunua ya rangi hii isugue kwanza na kitambaa cheupe usicho na shida nacho.

Kimto nunua, au shona mwenyewe, uzi mnene wa pamba na sindano ndefu vinatosha.

Halafu wana siku ya sindano, kule upande wa Tokyo tarehe 8 Februari, sindano iliyokatika wanaichomeka kwenye tofu laini, ile kama jibini ya soya, ipumzike. Zangu ziko kwenye kopo la Blue Band tangu mwaka juzi.