Tahadhari: «katalizeri mpya» inayouzwa Lubumbashi ni bomba tupu

Ndugu wenye magari ya petroli, jihadharini na muuzaji wa vipuri anayezunguka katika garaji za Kampemba, komuni ya Lubumbashi, akishirikiana na baadhi ya mafundi. Gari likifika kwa hitilafu ndogo tu, mwenyewe huambiwa kwamba katalizeri, yaani kile kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachosafisha moshi wa injini, imeziba, kwamba ndiyo inayopunguza nguvu ya injini, na kwamba ipo mpya kwa bei nafuu mradi aiache ile ya zamani, ambayo eti haina kazi tena.

Hiyo ya zamani ndiyo wanayoitaka. Ndani yake mna kauri yenye vitundu vingi vyembamba mithili ya sega la nyuki, na kuta za vitundu hivyo zimepakwa platini, paladi na rodi, metali za thamani kubwa ambazo wanunuzi wa vyuma wanazifahamu vizuri.

Jirani yangu aliuziwa hiyo «mpya». Tulipoikata kwa msumeno tulikuta bomba moja lililonyooka na fundo la nyuzi za chuma zilizoungua, basi. Kibaya zaidi, sonda (kipimio) ya oksijeni ya nyuma, ambayo kazi yake ni kupima kama katalizeri inasafisha moshi, ilikuwa imevishwa kipande cha chuma ili ikae mbali na moshi wenyewe. Kwa hiyo taa ya injini haikuwaka, na mwenye gari akaamini kwamba ametengenezewa.

Hasara si yake peke yake. Katalizeri nzima, ikishapata joto la nyuzi 300 hivi, hugeuza monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu isiyo na harufu, kuwa dioksidi ya kaboni. Petroli ambayo haikuungua huigeuza kuwa maji na dioksidi hiyohiyo. Na oksidi za nitrojeni, zinazochoma mapafu, huzirudisha kuwa nitrojeni ya kawaida. Ikifanya kazi sawasawa huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo. Bomba tupu haliondoi chochote, na wanaovuta sumu hizo ni mama anayeuza mboga kando ya barabara na watoto wanaotoka shule.

Mkiambiwa imeziba, ombeni kwanza mgandamizo wa moshi ndani ya bomba upimwe mbele ya macho yenu, kisha buji (plagi za kuwashia petroli) zikaguliwe na ijulikane kama injini inakula mafuta ya kulainishia, kwa sababu mara nyingi katalizeri huharibiwa na ugonjwa ulioanzia kwenye injini, na hata ile halisi mkiifunga bila kuutibu itakufa vilevile. Kabla ya kulipa, mulikeni kwa tochi ndani ya kipuri mnachouziwa: msipoona vitundu vya kauri, kataeni. Simameni hapo kazi inapofanyika, mtazame sonda zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zikirudishwa, na ile ya zamani mwondoke nayo nyumbani.