Nilipeleka mbege Homebrew Con: uzoefu wangu Minneapolis, Juni 2017

Kata ya bibi yangu, ile ya kuchotea mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huwa inaning'inia ukutani jikoni kwangu, Brooklyn Park, Minnesota. Nilitoka nayo Kibosho, Kilimanjaro, mwaka 2008, nimeizungushia kanga mbili katikati ya sanduku isivunjike. Mwezi wa sita mwaka 2017 iliteremka ukutani na kufanya kazi yake kwa mara ya kwanza tangu ivuke bahari, ndani ya ukumbi wa Minneapolis Convention Center, watu wakiwa wamepanga foleni mbele yangu.

Naandika kwa ajili ya ndugu zangu wa huku ambao wanapika kitu nyumbani kimyakimya. Tupo wengi. Nawajua Wakenya wanaopika busaa ya harusi, najua Mnyamwezi mmoja ambaye wanzuki wake, pombe ya asali, ukiuonja unamkumbuka kila aliyekulea. Lakini karibu wote niliowauliza hawakuwahi kusikia kwamba Wamarekani wapikao pombe majumbani wana mkutano wao mkubwa wa kila mwaka, na kwamba mlango uko wazi.

Mkutano uliitwa Homebrew Con. Uliandaliwa na American Homebrewers Association, chama kilichoanzishwa Boulder, Colorado, mwaka 1978 na Charlie Papazian pamoja na Charlie Matzen. Haukuwa na makao; mwaka 2016 ulikuwa Baltimore, mwaka 2017 ukatufuata sisi wa Minneapolis, tarehe 15 hadi 17 Juni. Wakati ule sharti lilikuwa uwe mwanachama, halafu ukate tiketi. Mimi nalea wazee kwenye nyumba ya matunzo, na vyote viwili vilinilia mshahara wa zamu kadhaa, ingawa sikulipia hoteli kwa kuwa nalala kwangu. Nilisita sana kabla ya kulipa. Sasa nasema ilistahili kila senti.

Wiki moja kabla nilimpigia mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Habari za huko?”

Nikamweleza kwamba naenda kwenye mkutano wa watu wanaopika pombe nyumbani, na kwamba nitapeleka mbege. Akanyamaza kidogo. “Na polisi je?”

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lina historia. Marekani ilipofuta marufuku ya pombe mwaka 1933, kupika bia nyumbani hakukuruhusiwa. Ilibidi isubiriwe hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria iliyoruhusu, ikaanza kutumika Februari 1979: galoni 100 kwa mwaka kama nyumba ina mtu mzima mmoja, galoni 200 kama wako wawili au zaidi. Galoni 200 ni kama lita 757. Hata hivyo kila jimbo lina sheria yake, na majimbo ya mwisho kuruhusu, Alabama na Mississippi, yamefanya hivyo mwaka 2013 tu. Kuuza ndiyo hairuhusiwi. Unakunywa mwenyewe, unawapa wenzako. Mama akasema, “Basi ni kama kwetu kukiwa na msiba au harusi. Hakuna anayelipa.” Ndivyo hasa ulivyo ukumbi ule: hakuna pochi inayofunguliwa mbele ya pombe ya mtu.

Siku ya kwanza nilijitolea kusaidia meza ya majaji. Fainali za Mashindano ya Taifa ya wapikaji wa nyumbani ziliamuliwa palepale mkutanoni, na walihitaji watu wa kubeba chupa, kufungua, kupanga vikombe na kukusanya karatasi. Ukiwa mgeni na humjui mtu, anzia hapo. Nilikaa hatua moja nyuma ya majaji wawili kwa saa mbili na nusu, na nikajifunza kuliko nilivyojifunza kwa miaka mitatu ya kupika peke yangu. Kila bia hupewa alama kati ya 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, jinsi inavyokaa mdomoni 5, na 10 za jumla. Mwonekano alama tatu tu! Mimi nilikuwa nahangaika miezi na miezi nataka bia yangu ing'ae kama ya dukani.

Jaji mmoja, mzee mwenye mikono mikubwa ya mkulima, alikuwa akimiminiwa anafunika kikombe kwa kiganja, anakizungusha taratibu, kisha anasogeza kiganja kidogo tu kando na kuingiza pua. Anafunga macho. Halafu anaandika, anaandika, kabla hata ya kuonja. Bia moja ilikuwa na harufu ya mahindi ya kuchemsha. Alimwandikia mwenye bia hiyo mistari sita akimweleza inakotoka na jinsi ya kuiondoa: achemshe kwa nguvu bila kufunika sufuria, kisha apooze haraka. Mpikaji hamjui, wala hatamjua, chupa ilikuwa na namba tu. Uungwana ule nimeukumbuka kila siku tangu hapo.

Mada ni nyingi na zinakwenda vyumba kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo chagua mapema na uwahi. Mimi nilichelewa ile ya pombe ya asali, nikaisikiliza nimesimama mlangoni. Nilizohudhuria zilikuwa na uzito, nyingine zimejaa kemia ya maji hadi nikapotea katikati, lakini wazungumzaji hawana haraka ya kuondoka. Ukimfuata mtu mlangoni na daftari lako anakaa na wewe.

Sasa nije kwenye Usiku wa Vilabu.

Kwa Mtanzania jina hili lina raha yake. Kwetu kilabu ni pale penye mabenchi, mtungi na wazee wa mtaa. Kwao kilabu ni kundi la wapikaji wa mji mmoja wanaokutana kila mwezi kuonjana na kukosoana. Usiku ule vilabu kutoka pande zote za nchi vinajenga vibanda ukumbini, vingine vimepambwa kama meli, vingine kama nyumba ya vizuka, watu wamevaa mavazi ya kila namna, na kila kibanda kina mabomba yake. Bia inapoozwa kwa kupita kwenye mrija uliosokotwa ndani ya sanduku la barafu. Unatembea na glasi yako ndogo uliyopewa ulipojiandikisha, na kila meza kuna jagi la maji ya kuisuuza. Kuna bia ya pilipili, ya kahawa, ya maganda ya machungwa, bia chachu zilizokaa kwenye mapipa ya mbao. Nilifika kibanda kimoja cha pombe ya asali, nikaonja, nikamwambia yule dada aliyekuwa akimimina kwamba kwetu Tabora wanaita wanzuki. Akaniomba nimwandikie jina hilo mkononi.

Mimi nami nina kilabu changu, nacho kilinipa bomba moja. Mbege yangu ilikuwa hivi: ndizi za dukani nilizoziacha hadi zikawa na madoadoa meusi, nikazichemsha mpaka zikawa nyekundu, nikaziacha zichachuke siku tano, nikachuja. Ulezi niliununua duka la Wahindi, nikauotesha kwenye gunia bafuni, nikaukausha, nikausaga, nikaupika uji na kuchanganya. Msesewe sina. Gamba lile la mti ndilo linaloipa mbege uchungu wake, na sikutaka kubishana na forodha, kwa hiyo nikatumia hopsi kidogo, yale maua yanayoipa bia uchungu. Hopsi haifanani na msesewe. Uchungu wa msesewe unakaa nyuma ya ulimi na kubaki pale. Wa hopsi unapita na maua yake. Nilijua mama angeitambua tofauti kwa funda la kwanza.

Nilipofungua bomba, likatoa povu mara mbili, likakohoa, likaziba. Nilitetemeka mikono. Mbege ina machicha, haiwezi kupita kwenye mrija mwembamba uliotengenezewa bia iliyochujwa, na bado ilikuwa inaendelea kuchachuka ndani ya kegi, lile pipa la chuma la bia. Watu watano walikuwa wameshasimama na glasi mbele yangu. Jirani yetu wa kibanda cha pili, mwanamume wa makamo aliyekuja na kilabu cha jimbo jingine, akaacha bomba lake kwa mwenzake, akapita chini ya meza na kupiga magoti kando ya kegi. Akatoa gesi polepole, pssss, hadi ikaisha, akalegeza mfuniko. Harufu ya ndizi ikajaa kibanda chote.

“Nyumbani kwenu mnaitoaje?” akaniuliza.

Nikamwonyesha kata. Niliileta iwe pambo tu, nimeitundika kwenye nguzo ya kibanda juu ya kitambaa cha kitenge. Akaitazama, akanitazama. “Basi itumie.”

Mdomo wa kegi ni mwembamba, kwa hiyo tukaimiminia mbege yote kwenye sufuria kubwa la chuma lililooshwa vizuri, nami nikaanza kuchota. Nilikoroga kwanza kutoka chini, kama bibi alivyokuwa akifanya, ili machicha na maji vitembee pamoja, kisha nikamimina kwa glasi moja moja. Kijana wa kwanza aliipokea, akainua glasi kwenye taa, akaona haipenyezi mwanga. Akanywa nusu. Punje moja ya ulezi ilibaki kwenye mdomo wake wa juu. Hakusema tamu wala chungu. Akauliza, “Ulezi umeuotesha siku ngapi?”

Nilikuwa nimeishi nchi hii miaka tisa. Nimeulizwa natoka wapi mara nyingi hata sihesabu tena. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza jinsi ninavyofanya kitu ninachokijua. Nikajibu, akauliza tena, wa nyuma yake naye akasogea asikie, na foleni ikazunguka kona ya kibanda. Mama mmoja mwenye mvi, mkemia mstaafu, alitaka jina la kisayansi la msesewe. Bahati nzuri nililijua: Rauvolfia caffra. Akaniambia mti huo una ndugu zake wanaotumika kwenye dawa za shinikizo la damu, na ni vizuri kuuheshimu kipimo chake. Bibi alikuwa na kipimo chake: kiganja kimoja kwa chungu kizima.

Yule jirani wa kibanda cha pili alirudi baadaye na glasi mbili. Kumbe mkewe hawezi kula vyakula vya ngano wala shayiri, na kwa miaka kadhaa amekuwa akipika bia ya mtama na uwele kwa ajili yake. Tukakaa sakafuni nyuma ya kibanda karibu saa nzima. Alinieleza kwa nini mbege yangu ilikuwa inatoka nyepesi. Kimea cha shayiri ukikitia kwenye maji ya nyuzi 65 za Selsiasi hivi, wanga wake unalainika na vimeng'enya vinaugeuza kuwa sukari hapohapo. Wanga wa ulezi ni mkaidi zaidi, unahitaji joto kubwa ili ulainike, na joto hilo linaua vimeng'enya. Dawa yake: loweka kimea kwenye maji ya vuguvugu, acha kitulie, mimina pembeni yale maji ya juu ambayo yamebeba vimeng'enya, chemsha machicha yaliyobaki hadi yawe uji, yapoze, kisha rudisha yale maji.

Nilimsikiliza hadi mwisho, halafu nikamwambia kuhusu togwa. Unapika uji, unauacha upoe, ndipo unatia kimea. Dakika chache tu uji mzito unalegea na kuwa mtamu. Aliweka glasi chini. Akaniomba nirudie polepole aandike. Jambo alilolitafuta kwa majaribio ya miaka, watoto wa kwetu wanaliona jikoni kabla hawajaanza shule.

Mbege iliisha kabla ya saa tatu na nusu usiku. Lita 19.

Machache ya kukusaidia ukienda. Kula ushibe kabla ya Usiku wa Vilabu, na kunywa maji kila baada ya glasi mbili. Usiendeshe, mimi shemeji alinifuata. Vaa viatu vya kutembea. Makelele ya ukumbini ni makubwa, kama una mazungumzo ya maana mvute mtu pembeni. Na kama pombe yako ina machicha, achana na bomba, beba chombo cha mdomo mpana.

Nimeshajaribu njia ya kumwaga maji ya juu na kuyarudisha, mara mbili sasa. Mbege imetoka nzito, na utamu wake unafika kabla ya uchungu, inavyotakiwa. Nilimtumia jirani yangu yule picha, naye akanitumia yake: sufuria la uji wa mtama jikoni kwake, na mkewe ameshika mwiko.

Mkutano wa mwaka 2018 ulipangwa Portland, Oregon, tarehe 28 hadi 30 Juni. Likizo niliomba mapema. Mbege nisingeweza kusafiri nayo kwa ndege ikiwa bado inachachuka, kwa hiyo nilipanga kupeleka kimea na kuipikia kulekule, kwa rafiki niliyempata Usiku wa Vilabu ambaye alinipa jiko lake. Kata nilipanga kuibeba mkononi.